Miiba Mitano ya Koko

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilipewa kazi ya kuzika miiba iliyotoka katika kichwa cha Mama. Nasema iliyotoka kwa sababu ndivyo tulivyosema nyumbani. Kwa kweli ilitoka kwenye mgunga uliokuwa nyuma ya nyumba yetu ya udongo katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na bibi yangu ndiye aliyeichuma.

Bibi tulimwita Koko. Alikuwa mama mzazi wa Mama. Tulitoka Kivu ya Kusini pamoja, yeye, Mama, mimi na mdogo wangu Amani. Baba hakufika. Kichwa cha Mama kilianza kuuma tukiwa njiani, na tulipopewa kiwanja kambini hakikuacha. Zahanati walimpa vidonge, akavimaliza. Alijifunga kitenge kichwani kwa nguvu, akalala akiutazama ukuta. Kulikuwa na siku alizomwita Amani kwa jina langu na mimi kwa jina la Amani.

Huko kwetu Koko alikuwa akiwachoma kwa miiba watu wenye maumivu. Hakuwa mtu wa mapepo. Aliimba kanisani, na hakuchoma mtu kabla ya kuomba. Siku moja asubuhi alichagua miiba mitano mirefu, akaichemsha, akaomba kwa jina la Yesu. Mmoja alimchoma Mama kisogoni, miwili kwenye panja zake, na miwili mikononi, pale katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada.

"Kichwa yako ni nguvu kama ya baba yako," alimwambia. "Hata mwiba inaogopa kuingia."

Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuvuke mpaka.

Baadaye Koko aliifunga ile miiba katika jani la mgomba, akaniambia niipeleke kwenye kichuguu ng'ambo ya barabara, niisukume ndani ya tundu mpaka isionekane, na nisiangushe hata mmoja.

"Maumivu haikufaka," alisema, yaani hayafi. "Inahamaka tu. Ukiitupa mu njia, mwenye kuikanyaga ndiye ataibeba."

Nilikwenda. Kabla sijafika kwenye kichuguu, lori la chakula lilipita, gunia moja limetoboka, mahindi yanamwagika barabarani. Watoto wote walikuwa wanalikimbilia. Nami nililitupa lile jani kando ya njia, nikakimbia, nikajaza mahindi katika sketi yangu. Koko aliponiuliza, nilimwambia nimeshaizika. Alinisifu kwa mahindi.

Mama nilimkuta amesimama, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Kitenge cha kichwani alikuwa amekifungua na kukitundika kwenye kamba ya nguo. Mchana huo wamama wa kanisa walikuja, kama walivyoahidi, kumwombea. Wakamkuta mzima, wakamshukuru Mungu, wakala sombe.

Kesho yake nilirudi njiani. Mbuzi walikuwa wamelitafuna jani. Nilitafuta katika nyasi mpaka nikapata miiba minne. Hiyo niliizika. Wa tano sikuuona.

Siku chache baadaye Amani alirudi kutoka njia ileile akichechemea. Nilimkalisha, nikamtoa mwiba katika unyayo. Ulikuwa mrefu, mweupe. Leo najua kwamba Nakivale hakuna mguu usiojua mwiba, kwa maana migunga iko kila mahali. Lakini siku ile nilikuwa nahesabu, na hesabu yangu ilikuwa minne na mmoja.

Wiki haikuisha, Amani akapata homa. "Kichwa, Yaya," aliniambia, maana mimi ndiye dada yake mkubwa, na hakusema kingine. Zahanati walisema ni malaria, imepanda kichwani. Alikufa siku ya tatu. Alikuwa na miaka minne.

Koko alilia mpaka sauti ikamkauka, lakini juu ya miiba hakusema neno. Aliamini nimeizika. Yeye naye alifariki baada ya miaka miwili, bado anaamini hivyo. Mimi nilisoma kidogo, nikaolewa, nikazaa, nikawa mwalimu wa shule ya Jumapili. Niliwafundisha watoto kuungama dhambi zao, na yangu nilikaa nayo.

Mwaka jana Mama alilazwa hospitali ya Mbarara, kwa ugonjwa wa tumbo ambao haukumwacha. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko, na nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema tena. Nikamweleza yote: lori, mahindi, jani, ule mwiba wa tano. Alinisikiliza macho ameyafumba. Nikadhani amelala.

"Kichwa yangu haikupona siku ile, Esta," alisema. "Niliinuka tu sababu Koko alikuwa amechoka na ninyi mulikuwa munaogopa. Haikupona hata siku moja."

Nilimwuliza, basi miiba?

"Miiba ni miiba. Mutoto alikufa na malaria. Leta uji."

Alikunywa uji wote. Wiki ya pili alifariki, tukamrudisha Nakivale, tukamzika karibu na Amani.

Maneno yake yangepaswa kunifungua. Kama kichwa chake hakikupona, hakuna maumivu yaliyohamia katika miiba, na Amani hakukanyaga kitu ila mwiba tu. Lakini mimi nilikuwa pale. Tangu siku ile ya sombe, sikumwona Mama akijifunga kitenge kile kichwani tena. Mtu anayeumwa anaweza kuficha kwa siku moja, hata kwa mwezi. Kwa miaka yote ile? Au Mama, akiwa anakufa, alinidanganya ili niwe huru? Yeye hakuwa mtu wa kusema uongo. Lakini alikuwa mama.

Baada ya mazishi kichwa changu nacho kilianza. Vidonge vilishindwa. Dada mmoja wa kanisani akanipeleka Mbarara kwa musawo, daktari mmoja wa hukohuko anayetibu kwa sindano nyembamba za Kichina. Alikuwa mpole. Alichoma kisogo, panja, kisha akanishika mkono, akachoma katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Fasi ileile, palepale alipochoma Koko. Nilimwuliza nani amemfundisha pale, akasema ameisoma kwenye vitabu. Koko hakujua kusoma.

Nilimwuliza maumivu yanakwenda wapi, yanaingia katika sindano?

"Hapana, nyabo," alisema, kama wanavyowaita akina mama huko. "Maumivu iko kwa ubongo. Sindano inapeleka habari tu. Ubongo inasikia, inatoa dawa yake yenyewe."

Nikamwuliza kama kweli inaponya. Akanieleza kwamba wataalamu bado wanabishana. Kuna watu waliochomwa mahali pasipostahili, nao wakasema wamepata nafuu. Labda ni sindano, labda ni kule kulala na kushikwa na mtu anayekujali, labda ni imani. Mwenyewe ameona wengi wakiinuka, na wengine wakirudi nyumbani vilevile.

Alipomaliza, alizitia sindano katika kisanduku cha manjano. Nikauliza zinapelekwa wapi. Akasema zinachomwa moto. Nilishukuru kwa sauti, naye akanishangaa.

Kichwa kilitulia mpaka Jumapili, kisha kikarudi kidogo. Sijui niseme nini. Kama sindano ni kitu, basi miiba ya Koko nayo ilikuwa kitu, na nina jambo la kujibu. Kama si kitu, bibi yangu alikuwa anachoma watu bure, na furaha ya siku ile ya sombe Mama aliitengeneza kwa ajili yetu. Sitaki hili wala lile. Jioni nikipiga magoti naomba msamaha kwa kosa ambalo sijui kama nililifanya, na naamini Mungu analijua jina lake.

Juzi mwanangu wa mwisho alirudi nyumbani na mwiba mguuni. Nilimkalisha, nikautoa, nikautia katika moto wa jikoni. Akauliza kwa nini nauchoma.

"Ni mwiba tu," nilimwambia. "Nenda ucheze."

Alipotoka nilibaki jikoni, nikauangalia mpaka ukawa majivu.