Sura ya Bibi kwenye Fulana za Pamba

Baba yangu hakumzika mama yake, na kosa hilo ni letu. Bibi alipofariki, baba alikuwa amelazwa, mguu umetiwa vyuma, na sisi watoto wake tukakubaliana tusimwambie mpaka apate nguvu. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpelekea uji wodini na kudanganya. Kila asubuhi aliniuliza habari za mama yake, nami nikamjibu hajambo, anakusalimu. Nilifanya hivyo siku kumi na moja, na siku tisa kati ya hizo bibi alikuwa tayari kaburini. Alipojua hakupiga kelele. Baba ni mwalimu mstaafu, akikasirika anashusha sauti. Alisema tu, "Mmeninyima kumuaga mama yangu," kisha akageukia ukutani.

Kwa hiyo mwaka ulipotimia, siku ya kumsomea bibi misa na kumwekea msalaba wa saruji ilipokaribia, nilijua sina haki ya kumkatalia baba kitu chochote. Akaniita nyumbani kwake, mtaa wa Milanzi. Alitaka ukoo mzima uvae fulana zenye sura ya bibi. "Nataka nikifika pale nimwone," alisema. "Kila nitakapogeuka, nimwone."

Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yangu. Na kweli ndiyo. Sebuleni kwangu Majengo, pale watu wengine wanapoweka kabati la vyombo, mimi nimeweka mashine ya kuchapa picha kwa joto. Nikiiwasha, taa za nyumba nzima zinafifia na mpangaji mwenzangu anagonga ukuta.

"Ziwe za pamba," baba akaongeza. "Mama yangu hakuvaa tetroni."

Hapo ndipo ningepaswa kufungua mdomo. Wino ninaotumia unapenda tetroni peke yake, yaani nyuzi za kiwandani. Picha inachapwa kwenye karatasi, karatasi inalazwa juu ya nguo, mashine inabana, wino unageuka mvuke na kuingia ndani ya nyuzi, na hautoki tena mpaka nguo ichakae. Kwenye pamba unakaa juujuu, kama mgeni aliyekataa kuvua koti. Kila mtu wa kazi hii anajua. Lakini jaribu wewe kumwambia mtu uliyemdanganya siku kumi na moja kwamba mama yake hakai kwenye pamba. Nikasema, "Zitakuwa za pamba, baba."

Basi nikaanza vituko. Picha pekee ya bibi ilikuwa ile ya kitambulisho cha mpigakura, amemkazia macho mpiga picha utadhani amemkuta katikati ya shamba lake la ulezi. Nikaikuza. Kisha nikaanza kutafuta kitu cha kuipaka pamba ili wino ushike. Nilijaribu uji mwepesi wa ulezi, nikauchuja kwa kitambaa, nikapaka fulana, nikaianika, nikaibana. Bibi alitoka wa kahawia, na sebule ikanuka uji ulioungua kwa siku tatu. Nikajaribu dawa ya kupulizia nywele. Mashine ikafuka moshi, mpangaji mwenzangu akaja mlangoni na ndoo ya maji, akanikuta nimeshika fulana ya marehemu nikikohoa. Aliondoka bila kuuliza kitu, na mpaka leo akinisalimu anasimama mbali.

Mwishowe niliagiza kutoka Dar chupa ya dawa yenyewe ya kupaka pamba. Ikaja kwa basi, ikinuka siki. Nikapulizia, nikakausha, nikabana, na bibi akatokea safi kabisa. Nilishangilia peke yangu. Halafu nikaifua moja kwa majaribio, na bibi akatoka kwenye beseni akiwa na nusu ya uso. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikafikiri kwa muda mrefu, nikafikia uamuzi unaoniaibisha hadi sasa: fulana zitavaliwa mara moja tu, siku ya misa. Nani atazifua kabla?

Mtu mmoja tu alikosa saizi. Ni jirani wa bibi kule kijijini, njia ya Matai, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake na kugombana na bibi kila msimu kwa sababu ya ng'ombe hao, mpaka ugomvi ukawa urafiki. Alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake. Kifua chake hakiingii kwenye fulana yoyote ya dukani, kwa hiyo akanitumia jezi yake nyeupe ya mpira. Jezi ni tetroni tupu. Sikuipaka chochote. Baada ya dakika moja tu nilifunua karatasi na bibi alikuwa pale, mikunjo yote, chunjua ya shavuni, hata kilemba kilichokaa upande. Nilitaka kulia kwa hasira. Niliikunja haraka, nikampigia simu mwenyewe, nikamwambia siku hiyo avae koti juu yake na asilifungue, baba asije akaona tetroni.

Fulana ishirini na sita nilizitanguliza kijijini siku mbili kabla. Nilikuwa nimefikiria yote, ila niliwasahau shangazi zangu.

Shangazi zangu hawavai nguo mpya bila kuifua. Kitenge kikitoka dukani kinaloweshwa kwenye maji ya chumvi, kinasuguliwa, kinasuuzwa, kinarudiwa, mpaka maji yawe meupe, ndipo wanaamini rangi iliyobaki ni ya kweli. Nilipofika na baba jioni, ua mzima ulikuwa umeanikwa fulana nyeupe. Kwa mbali nilidhani ni za watu wengine.

"Hizi nguo zako zilikuwa na rangi ya uongo," akaniambia shangazi mkubwa, mikono kiunoni, amechoka na amefurahi. "Inatoka tu, inatoka tu. Tumesugua mpaka ikaisha. Sasa hata uzitie kwenye maziwa, hazichuji."

"Shangazi, mlikuwa hamwoni mama yenu anaondoka?"

"Tulimwona. Tukasema itatoka rangi, itabaki picha."

Nikazipitia moja moja kwenye kamba. Bibi hakuondoka sawasawa. Fulana moja ilibaki na paji la uso na kilemba. Nyingine ilikuwa na jicho moja, nyingine sikio na kidevu. Nyingi zilikuwa na doa la kijivu ambalo ungeweza kulidhania jasho. Baba alikuwa ameshaingia ndani kupumzisha mguu, wakaitisha kikao bila yeye. Mjomba mmoja akasema marehemu amekasirika. Shangazi mdogo akasema hakuna cha hasira, mama alikuwa hapendi kupigwa picha tangu zamani. Mjomba mwingine, fundi ujenzi, akatoa wazo, na wakalikubali wote: watu wapangwe, mwenye paji la uso mbele, wenye macho wafuate, kidevu nyuma, ili mzee akitazama mstari mzima, amwone mama yake kamili.

Asubuhi upepo ulikuwa mkali kama kawaida yetu huku nyanda za juu. Misa ikasomwa pale makaburini, msalaba ukabarikiwa, kisha wakajipanga kweli. Baba akapita mbele yao na fimbo yake, polepole, kama alivyokuwa akikagua wanafunzi mstarini. Alisimama kwa kila mmoja. Kwa mwenye sikio alisimama zaidi. Mtu mmoja akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Baba alipofika mwisho wa mstari alinijia na kuniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mama yuko wapi?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Yule jirani alikuwa amesimama pembeni, koti limefungwa hadi shingoni. Nikamwendea.

"Fungua koti."

"Si ulisema nisifungue?"

"Nimesema fungua."

Akafungua. Baba alisogea, akaishika jezi kwa vidole viwili, akaisugua kidogo. "Hii ni tetroni."

"Ndiyo, baba. Pamba haishiki. Nilijua tangu siku uliponiagiza, nikaogopa kukwambia."

Nilingoja ashushe sauti anigombeze. Sauti aliishusha, lakini hakuwa anasema na mimi. Alikuwa anatazama kile kifua.

"Shikamoo, mama," akasema.

Yule jirani kwa umri anaweza kuwa mtoto wa baba, na asubuhi ile ile alikuwa amempa baba shikamoo kwa mikono miwili. Akanitazama mimi, akamtazama padri, akawatazama shangazi zangu. Hakuna aliyemsaidia. Baba alikuwa bado ameinamisha kichwa, anangoja.

"Marahaba," akajibu yule bwana. "Marahaba, mwanangu."

Baba akavua kofia, akaanza kumweleza mama yake kwa nini amechelewa. Jirani yetu alisimama wima, koti wazi, upepo unampiga, hakutikisika mpaka baba alipomaliza.