Meno Yalikuwa Mazima

Kwetu Kasokola, mtu akisaga meno usingizini basi ana minyoo, na huwezi kubishana na mtu. Kwa hiyo mama alipoanza kusaga, katikati ya miaka ya tisini, tulimpa dawa ya minyoo. Haikusaidia. Tukamkaangia mbegu za maboga, akazitafuna bila kulalamika. Jirani akasema huenda sote tunayo, basi nyumba nzima ikameza vidonge, na baba akashinda njia ya chooni akitulaani.

Alisaga hata mchana. Tukitoka shamba alijinyoosha kwenye mkeka, na mara sauti ile ikaanza, kama jembe linaloburutwa juu ya mawe. Nilikuwa na miaka kumi na saba na ilinikera mno. Nilimsukuma bega mpaka akaamka, ameshika taya.

Jambo ambalo hatukulisema ni kwamba miezi michache kabla tuliletewa habari kuwa kaka yake mama ameuawa Burundi. Alikuwa amerudi kuangalia shamba la baba yao, akidhani mambo yametulia. Aliyeleta habari alikunywa chai, akaaga. Mama akaendelea kupepeta mahindi. Wanawake wa kanisani walikuja wakamwambia, "Jikaze mama, una watoto." Akajikaza. Niseme ukweli, nilifurahi, maana niliogopa kumwona analia. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja mjomba.

Kufika kiangazi mdomo ulikuwa haufunguki hata kwa tonge la ugali. Aliishi kwa uji, nguo zikampwaya. Mwenyewe aliamini ni magego. Aling'olewa moja, maumivu yakabaki, akang'olewa la pili, yakabaki vilevile. Safari ya tatu nilimpakia kwenye baiskeli hadi mjini. Alikuwa ameazimia kung'oa meno yote ya upande ule, na mimi sikuwa na la kumzuia.

Siku hiyo tulimkuta daktari mpya wa meno, mwanamke wa makamo. Alimulika kinywa kadiri kilivyofunguka, akagonga jino moja moja.

"Mama, haya meno ni mazima."

"Sasa kinachouma nini?" mama akauliza kwa hasira.

Daktari akamwekea vidole mbele ya masikio. "Uma meno. Haya, legeza."

Mama hakuweza kulegeza. Alijaribu, nilimwona anajaribu, jasho likamtoka.

"Hii misuli haipumziki, ndiyo inayouma," daktari akasema. Akamkinga kidevu kwa kiganja, kingine akakiweka shavuni, ili amsaidie. Mama akaupiga ule mkono kwa nguvu. Nikaona aibu, nikataka kuomba radhi.

"Kaka yangu alinishika hivyo hivyo," mama akasema.

Hakuwa akituangalia. Alisema walipokuwa wanakimbia kutoka Burundi kuja huku, yeye bado mtoto mdogo, walijificha kwenye matete, naye akawa analia. Kaka yake akamziba mdomo. "Akaniambia, uma meno, nyie wadogo mkilia tunakufa wote. Nikauma mpaka wale watu waliokuwa wanatutafuta wakapita."

Nilikuwa sijawahi kusikia habari hiyo. Miaka yote nilijua tu kwamba walikuja kwa miguu.

Daktari aliisogeza kando trei yenye koleo lake. Akamwelekeza akande taya kwa kitambaa cha moto, na ajizoeze kufunga midomo huku meno yameachana. Halafu akamwambia polepole, "Mama, hapa hakuna anayekutafuta."

Tulipotoka nje mama akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akalia kwa sauti, mdomo wazi. Watu wote wakageuka. Mwanamke mmoja akasogea kumpa nafasi, akaniambia, "Pole, binti. Hilo jino linamtesa kweli."

"Si jino," nikamjibu, na sauti yangu ikatoka kali kuliko nilivyotaka. "Kaka yake amekufa."