Kurudishiwa Maneno

Kwetu mwanamke anayemrudishia mumewe maneno anatafuta ugomvi. Ndivyo nilivyolelewa kule Mahenge, na imani hiyo nilihama nayo hadi hapa mtaa wa Viwanja Sitini, nilipopata nyumba inayopakana ukuta na ya mzee mmoja mwenye asili ya Kihindi, muuza vipuri vya baiskeli. Kila jioni, duka likishafungwa, nilimsikia akisema jambo kwa Kiurdu, taratibu, na mkewe akilirudisha lilelile kutoka jikoni, neno kwa neno. Mzee anatulia kidogo, anasema la pili, na hapo mama anapaza sauti, "Wah!" Nilimhurumia yule baba. Nikajisemea, huyu mama ana mdomo.

Mimi ni mwanakwaya na mama wa parokia, na sisi hatuoni moshi kwa jirani tukakaa kimya. Siku moja nilipompelekea yule mama mchele mpya wa Idete, nilimshauri kwa adabu zote kwamba mume hajibiwi hivyo, hasa dirisha likiwa wazi. Alicheka mpaka akaweka sinia chini. Akanieleza kuwa mumewe hutunga mashairi, na kwao mshairi akisema mstari wa kwanza, msikilizaji huurudia. Wanaita kuuinua mstari. Usipoinuliwa, mshairi atautoaje wa pili? Na wa pili ndio wenye utamu, ndio unaosifiwa kwa "Wah!"

"Nikinyamaza," alisema, "ndipo nitakuwa nimemtukana."

Tangu hapo nilikuwa nikisogeza kigoda karibu na ukuta. Niliambulia maneno machache yanayofanana na yetu, dunia, safari, wakati, lakini. Mengine yalinipita, wala sikujali. Kilatini nimekiimba kanisani miaka mingi bila kukielewa, na bado kinanitoa machozi.

Mwaka juzi yule mama alifariki. Jioni zikawa kimya. Mzee akishafunga duka aliwasha redio, basi. Nilipomuuliza mashairi yamekwenda wapi, alijibu kwamba yamemfuata mwenyewe. Niliumia, kwa ajili yake na kwa ajili yangu pia, maana nilikuwa nimeyazoea.

Kisha mjukuu wao, binti waliyemlea wenyewe tangu mdogo, akachumbiwa na kijana wa Morogoro. Kwa desturi yao bibi harusi anapotoka kwao, mkubwa wa nyumba humuaga kwa shairi. Babu alikataa. Binti alikuja jikoni kwangu, hina mbichi mikononi, akilia na kushindwa hata kujifuta. Alisema nguo zote na dhahabu zote angewaachia, alichotaka ni shairi hilo tu.

"Bibi angekuwepo, nisingeondoka kimya hivi," alisema.

Nilimfuta machozi kwa upande wa kanga yangu, halafu nikaenda dukani. Nilimwamkia mzee, nikamwombea binti shairi lake. Hakukasirika. Aliniuliza tu ni nani atakayeuinua mstari, maana hawa vijana Kiurdu chao ni cha kwenye sinema. Nikanunua kengele ya baiskeli ambayo sikuihitaji, nikarudi nyumbani.

Siku yenyewe gari lilisimama mlangoni limepambwa maua. Binti aliwaaga wote, akafika kwa babu, akainamisha kichwa apate baraka. Akazipata. Lakini hakuondoka. Dereva akapiga honi, shangazi wakamshika mkono, naye kasimama palepale, mkaidi kama bibi yake. Mwishowe mzee akasema mstari mmoja, kwa sauti ndogo.

Vijana walikuwa wameinua simu, hakuna aliyeinua mstari. Nilimwona mzee akianza kugeuka. Hapo mdomo wangu ukanitangulia, nikaurudisha mstari wote kama sikio lilivyoupokea. Matamshi yalikuwa ya Mahenge kabisa, na nadhani ulitoka na sauti ya wimbo wa kanisani, maana nyuma yangu watu walicheka.

Mzee hakunitazama mimi. Alitazama dirisha la jikoni. Kisha akautoa wa pili, kwa sauti yake ya zamani, na waliokijua Kiurdu wakapiga kelele "Wah!" huku wakilia. Shangazi mmoja alinitafsiria sikioni: unatoka leo, na nyumba yote inakufuata hadi mlangoni, nenda, binti, usigeuke, nyumba inaijua njia ya kurudi. Binti akapanda gari akicheka na kulia, wanja wote umemshuka mashavuni.

Kesho yake jioni nilikuwa uani napeta mchele. Ng'ambo ya ukuta mzee alikohoa, akasema maneno fulani kwa Kiurdu, akanyamaza. Nilidhani anazungumza peke yake, nikaendelea kupeta. Akakohoa tena, safari hii akaita kwa Kiswahili.

"Jirani, mbona kimya? Umeninunia?"

Nikaweka ungo chini, nikamrudishia maneno.