Cheti cha Jirani Ndani ya Simu ya Dada

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi dada yangu aliponipa simu yake nimshikie, apate kumpimia mteja mukene, dagaa wa huku kwetu. Kibanda chake cha samaki wakavu kiko mtaa wa Namuwongo. Alikuwa karibu kufungua ukurasa wa benki amtumie Mkongo mmoja anayemletea samaki pesa za mzigo. Mtaji wake wote ulikuwa katika akaunti hiyo. Juu ya kioo niliona maneno madogo: mtandao huenda unafuatiliwa.

Nikamwomba asubiri. Mimi ni fundi wa mashine za kuchapa. Mambo ya simu nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma na kuandika daftarini. Nilifungua mipangilio, nikaingia kwenye vyeti vinavyoaminiwa. Vilikuwa zaidi ya mia, vya taasisi za nchi ambazo sitafika. Hivyo ndivyo vinavyoihakikishia simu kwamba benki ni benki kweli. Nilibaki nimeduwaa. Sisi hata chumba hatupangi bila barua ya mwenyekiti wa mtaa, kumbe mfukoni tunabeba wenyeviti mia tusiowajua, wanaotudhamini usiku na mchana bila kuomba hata soda.

Kando kulikuwa na cheti kimoja kilichowekwa na mwenye simu. Dada alisema ni cha jirani anayeuza intaneti ya bei nafuu. Kila mteja huambiwa akubali cheti hicho kwanza.

"Na wewe ukakubali?"

"Ni kama muhuri, mdogo wangu. Nani anakataa muhuri?"

Kwa muhuri ule jirani aliweza kujifanya benki, akasoma kila kitu njiani, na simu isiseme neno. Nikakifuta. Kisha, kwenye intaneti ileile, nikafungua ukurasa wa benki. Simu ikakataa, ikaonya kwamba aliyejibu si benki.

"Fundi, umeniharibia simu," dada akasema.

Nikamwonyesha lile onyo. Simu ya bei rahisi, kioo kimepasuka, ilikuwa imekagua saini kwa hesabu ambazo nimezisoma miaka miwili bila kuzielewa zote, na ilimaliza kabla sijapepesa jicho. Kweli kulikuwa na mtu kati yetu na benki.

Tukaacha intaneti ya jirani, tukanunua bando kwenye laini ya dada mwenyewe. Ukurasa ukafunguka. Tulibadili neno la siri, tukatazama salio: halikuwa limeguswa. Dada akatuma pesa. Baada ya muda Mkongo akapiga kusema zimeingia zote, shilingi milioni moja, laki nane na elfu arobaini.