Kandambili Kwenye Mdomo wa Shimo

Mvua ikilowesha kandambili mlangoni pangu hapa Uvira, harufu ya mpira na udongo hunirudisha kwenye shimo la dhahabu, milimani juu ya Luvungi. Lilikuwa limeporomoka asubuhi, na wachimbaji walikuwa wameacha kufukua. Walisema ndani hamna mtu, kwa kuwa nje hawakuona viatu vya yeyote.

Mama alileta kandambili za baba kutoka nyumbani, akaziweka kwenye mdomo wa shimo.

“Bwana yangu iko mu ndani,” akawaambia. “Alikuya miguu mitupu. Muchimbe!”

Wakashika tena majembe.

Siku hizi ndiyo sheria pale: kila anayeingia huacha kandambili nje, ijulikane yumo. Vijana wanadhani wakubwa wa mgodi ndio walioitunga.

Baba walimtoa jioni, amekwisha kufa. Mama alimvalisha kandambili zake kwanza, ndipo akalia.