Bingwa wa Kukataa Bangi

Wageni walishuka kwenye gari lao na turubai kubwa la mchezo wa nyoka na ngazi, wakalitandaza kwenye uwanja wa zahanati yetu, Nyamongo. Mkuu wao, mtaalamu mwenye sauti ya kutangazia mpira, alitueleza kwamba vijana wamechoka mihadhara, wanataka michezo. Kwa hiyo bangi ingekomeshwa pale pale, kabla ya chakula cha mchana.

Mimi nilikuwa nesi mgeni, nimehamishwa kutoka Singida, nikapewa kazi ya heshima: kurusha dadu.

Wachezaji walikuwa bodaboda wa kijiwe cha jirani, vijana wanaoitana "mura" kwa Kikurya. Walijaa, maana soda nazo zilikuwepo. Kila mmoja alisimama juu ya turubai na kusogea kadiri dadu lilivyosema. Ukikanyaga nyoka, "Umevuta bangi", unashuka. Ukikanyaga ngazi, "Umekataa bangi", unapanda.

Wa kwanza kumezwa na nyoka alikuwa Msabato ambaye hata majani ya chai hayagusi.

"Sista, mimi nimevuta lini?"

"Ni dadu tu, kaka."

"Hilo dadu limeniona wapi?"

Mtaalamu akamwomba aheshimu kanuni.

Akafuata kijana ambaye macho yake mekundu yalijulikana mtaa mzima. Abiria wa asubuhi walikuwa wakimkwepa. Nikarusha, akapanda ngazi. Nikarusha tena, akapanda nyingine. Alikataa bangi mpaka kileleni bila kufungua mdomo, wenzake wakigaragara kwa kicheko. Mtaalamu alifurahi mno. Alimvalisha fulana iliyoandikwa "Nimesema Hapana", akampiga picha, akakunja turubai, akaondoka. Nyamongo ilikuwa imepona.

Wiki iliyofuata bingwa wetu alikuja zahanati, akapanga foleni pamoja na akina mama wa kliniki.

"Sista, hii fulana inanitesa. Kila abiria ananiuliza nimeachaje. Nimechoka kudanganya."

"Unataka nyingine?"

"Nataka kuacha kweli."

Nilikuwa na kejeli ya pili mdomoni, nikaimeza. Tuliongea mpaka chai yangu ikapoa. Alisema bangi yenyewe angeiweza. Kinachomshinda ni rafiki anayemnyooshea msokoto huku anacheka.

Basi tukaanzisha mchezo wetu wa Alhamisi, usio na turubai wala soda, na kwa hiyo usio na watu wengi. Mmoja anajifanya rafiki anayekushawishi, wewe unakataa. Msabato naye alikuja, kwa sharti kwamba nisirushe chochote. Bingwa ana kipaji cha kushawishi. Siku moja nusura nimkubalie mimi mwenyewe. Ikifika zamu yake ya kukataa, maneno yanamkwama, anacheka, anaanza upya.

Hajaacha kabisa. Wiki nyingine anashinda, nyingine anateleza na kuja kusema mwenyewe. Alhamisi iliyopita alipangiwa Msabato awe ndiye rafiki mbaya. Msabato akamshika bega, akamwangalia kwa huruma nyingi, akafumba macho.

"Mura," bingwa akamwambia, "nishawishi basi, acha kuniombea!"