Jina Lililo Chini ya Bahasha

Nimepanga vyumba vingi, na kila nikihama nahama na katoni moja ya riwaya kuukuu. Majirani hudhani mimi ni msomaji sana. Ukweli ni kwamba nyingine sijazimaliza. Jioni, hapa Voi, huzitoa nikayatazama majalada tu.

Moja nalipenda kuliko yote. Mwanamke amesimama stesheni, ametupa mgongo, sanduku liko miguuni pake. Rangi ni mbili tu, nyekundu na nyeusi, lakini mchoraji aliacha karatasi tupu pale jua linapopiga, na weupe huo unachoma macho. Huyo mtu alilijua jua la huku. Nyuma, chini kabisa, kuna maandishi madogo: “Jalada limechorwa na”. Jina lenyewe limefunikwa na bahasha ya kadi ya maktaba.

Kitabu ni cha shule yangu ya sekondari, kule Ronge, milimani. Sikukirudisha. Mwezi uliopita nilipanda kwa mwalimu aliyetunza maktaba hiyo. Alistaafu zamani, anaishi peke yake.

“Miaka yote hiyo unazunguka na kitabu cha shule,” alisema. “Na mke?”

“Bado, mwalimu.”

“Basi huyo wa stesheni usimtegemee. Hata hageuki.”

Alichemsha maji, akalowesha kitambaa, akakilaza juu ya bahasha. Tulikunywa chai tukisubiri. Kisha akaibandua polepole kwa ukucha. Ilitoka na ngozi ya juu ya jalada. Nikaigeuza nione kama wino umehamia huko. Palikuwa na doa la kijivu tu.

“Hii ni gundi gani?”

“Unaniuliza mimi? Si nyinyi kamati ya maktaba mliipika? Unga wa ngano, Jumamosi nzima.”

Nikakumbuka. Alituagiza tubandike nyuma, pasipo na picha, tusiharibu uzuri wa vitabu. Mimi ndiye niliyeshika rula. Kitabu baada ya kitabu, nililifunika kila jina la mchoraji, tena kwa unadhifu, nikasifiwa.

Mwalimu aliingia chumbani akarudi na nakala mbili zaidi za riwaya ileile. Alizichukua siku shule ilipotupa vitabu vya zamani. Zote zilikuwa na bahasha, mahali palepale. Ya kwanza tuliilowesha muda mrefu zaidi, ikachanika vilevile. Akakamua kitambaa, akaivuta ya mwisho.

“Hiyo tuiache, mwalimu.”

“Sasa utamjuaje?”

“Sitamjua. Lakini humo bado ameandikwa.”

Alitumbukiza kitambaa kwenye karai.

“Ichukue,” alisema. “Mimi nikifa wataifanya ya kuwashia jiko.”

Niliitia ndani ya jaketi, nikafunga zipu mpaka shingoni, nikashuka kutafuta gari la Voi.